Madimbwi kwenye Picha

Loisi alikuwa barazani Majengo, akichambua mlenda mkavu aliotumiwa na mama yake kutoka Hombolo. Mikono ilichambua, mawazo yalikuwa kwingine. Mwenye nyumba alishasema binti yake anarudi na wajukuu. Mwisho wa mwezi chumba kiwe wazi.

"Mama Erica, tumepata nyumba!" Mume wake, Yotham, aliingia mbio na simu mkononi. "Ipo Makole. Imetangazwa leo leo!"

"Umeiona?"

"Si hii hapa? Tazama vigae hivyo."

"Nimeuliza nyumba, sijauliza simu."

Yotham akacheka. "Dalali anaitwa Brighton. Anasema watu wanaigombania. Tutume hela ya kuishikilia, kesho tupewe ufunguo."

Hela yenyewe ilikuwa ya zabibu zao za msimu mzima. Ikipotea, Erica atalala wapi?

Loisi aliishika simu. Hakuwa mwepesi wa kusoma, lakini kutazama alijua. Akaitazama picha taratibu mpaka chini, getini.

"Baba Erica, Makole mvua imenyesha lini?"

"Mvua? Septemba hii? Unaota?"

"Basi haya madimbwi yametoka wapi?"

Yotham akaisogeza simu karibu na macho.

Jirani yao Ritha, karani aliyehamishwa vituo vingi, alikuwa akianika nguo. Akadakia, "Shemeji, hapo ungelia! Picha hiyo ya zamani. Labda nyumba ina mtu, labda haipo kabisa. Mwambie mnakwenda kuiona sasa hivi."

Yotham akapiga.

"Tuma kwanza, bosi wangu," Brighton akasema. "Mwenye nyumba amesafiri."

"Tutalipa tukishaiona."

Simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikupatikana.

"Tusitazame tena matangazo ya simuni," Loisi akasema.

"Yatazameni, mama. Mimi hapa nilipata humohumo," Ritha akajibu. "Ila tangazo linakuonyesha pa kwenda tu. Lina tarehe? Mtaa umetajwa? Picha hiyohiyo haijawekwa kwa nyumba nyingine? Dalali anafahamika, ana ofisi? Ukifika, ongea na wapangaji. Muulize mwenyekiti wa mtaa nyumba ni ya nani. Hela itoke mkataba ukiwa mezani na mwenye nyumba akiwepo, mpewe na risiti."

"Na dalali?"

"Malipo yake mkubaliane mapema. Mumpe mkishapata nyumba."

Wakatafuta upya. Dalali mmoja, Hasani, aliwajibu, "Njooni muone kwanza." Jumamosi wakaenda naye Makole kuona nyumba nyingine. Yotham alipokuwa akisifia madirisha, Loisi alimfuata mpangaji aliyekuwa akiosha vyombo uani.

"Pole na kazi, dada. Maji hapa yapoje?"

"Yanatoka kwa zamu, ila tangi lipo. Mama mwenye nyumba hataki kelele, lakini si mwongo."

Mwenyekiti wa mtaa naye akathibitisha kuwa nyumba ni ya mama huyo. Wakasaini mkataba na mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti, wakalipa, wakapewa risiti. Hasani naye akapata chake. Kabla mwezi haujaisha, Erica alikuwa amelala chini ya bati jipya.

Desemba mvua ya kwanza ikashuka. Yotham alisimama uani, miguu imelowa chapachapa, akipiga picha dimbwi.

"Mama Erica, njoo! Picha ya leo leo!"

Loisi akachungulia mlangoni. "Mtumie Brighton. Mwambie hii nyumba ina mtu."