Bibi Harusi Asiyefunuliwa

Filamu ilikuwa imerefuka. Ijumaa Teopista aliipima mwenyewe, kwenye ghala la mji wa Jeffersontown, ughaibuni, alikosafisha filamu kuukuu. Ilikuwa filamu bubu: msichana analazimishwa kuolewa, na kwa kuwa sehemu ya mwisho ilipotea, picha ilikatika bibi harusi akiwa mlangoni na shela lake usoni. Jumatatu bibi harusi alikuwa ameshavuka kizingiti, hatua tatu ndani. Na mkebe wa filamu ulinuka jasho la mtu.

Mwenzake Karaha, Mkongomani wa Kivu, aliona pia. Akanong'ona, "Dada, uache ile kitu. Bon, mutu wa kufa hatembeake."

Hakuacha, maana msichana yule alimchoma moyo. Yeye mwenyewe aliozwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania akiwa na miaka kumi na sita, na Jumamosi hiyo binti yake Mizero alikuwa anapelekwa mji wa Columbus kuolewa na Rugaba, mwanamume ambaye Mizero hakumtaka. Pantaleo, baba yake, alishatoa neno. Jikoni Mizero alimshika mama yake mkono.

"Mama, sema kitu."

Teopista akakoroga maharage. Alijionea haya, na haya hiyo akaenda nayo kazini.

Kwao Burundi bibi harusi hatoki nje mpaka ndugu zake waje kumfunua. Huyu wa kwenye filamu, miaka mia sasa, hakujiwa na mtu. Basi Alhamisi mchana, taa zote zikiwaka, Teopista alivua glavu, akagusa kwenye filamu shela lile dogo kama punje ya mchele, akasema wanavyosema mashangazi, "Sisi ni ndugu zako. Toka."

Kidole kikafa ganzi kwa baridi, na nyuma yake, katikati ya rafu, kikasikika kitambaa kikiburuzwa sakafuni, polepole, kikikaribia, kikampita begani na lile jasho lake, kikatoka mlangoni juani, kikashika njia ya kwenda nyumbani kwake.

Jumamosi, huko Columbus, walimsifu bibi harusi kwa utulivu wake. Hakulia, hakula. Shangazi Spés alipomfunua, ukumbi ulipiga vigelegele. Uso ulikuwa wa Mizero. Jasho halikuwa lake, lilikuwa lile la mkebe. Bibi harusi akainama sikioni mwa Teopista.

"Asante kwa kunitoa, ndugu yangu."

Jumatatu filamu ilikuwa imekamilika. Mlango ulikuwa umefungwa, shela halipo, na Mizero alimtazama kutoka ndani ya filamu, midomo ikicheza bila sauti. Teopista hakuhitaji kuandikiwa maneno yale. Alishayasikia jikoni.