Alama ya Tatu Mchangani

Alasiri ile haikuwa na ajabu yoyote. Jua la kawaida, nyasi zilizokatwa ovyo, wavulana wa mpira wakibishana upande wa pili kuhusu goli ambalo hata kipa hakuliona. Panzi alikaza kamba za njumu zake, akaenda kusimama mwanzo wa njia ya kukimbilia, akavuta pumzi.

Bweni zima lilimwita Panzi kwa sababu ya mruko mrefu. Na lisemwe mapema, maana midomo ya watu inajulikana: mvulana akishinda, ana bidii, msichana akishinda, ana kitu. Kitu gani? Panzi aliamka wakati wenzake wanageukia ukuta. Aliacha soda, akaacha sherehe za wikendi, akapanda ngazi za jukwaa na mfuko wa mchanga mgongoni mpaka magoti yakaomba msamaha. Hicho ndicho kitu. Anayekitaka, ngazi bado zipo palepale.

Akakimbia. Akakanyaga ubao. Akaruka.

Alipotua, aligeuka kuutazama ubao. Hakuwahi kufika pale.

Kidoti, mwenzake wa chumba na mpinzani wake katika mruko huohuo, alikuwa kando ya shimo ameshika reki. Ndivyo walivyofanya kazi: mmoja akisharuka na kupimwa, mwenzake anasawazisha mchanga. Kocha hakuwa na mzaha na jambo hilo. "Alama ya mtu hailali wazi," alikuwa akisema, na sababu hakuwahi kuitoa.

"Usifute," Panzi alisema.

"Mh! Tuizungushie na uzio kabisa?"

"Iache tu, bwana. Kesho wale wa mpira wapite waone. Mchujo ndio huo unakuja, wajue timu ya taifa inaondoka na nani."

"Haya, malkia." Kidoti alicheka, akalaza reki majanini. Kicheko chake kilikatika kabla hakijafika mwisho.

Kesho yake alama ilikuwepo, lakini kisigino cha kulia hakikuwepo. Hakikufutwa. Kilikuwa kimechotwa, kwa usafi, kama mtu anavyochota sukari kopoani.

Panzi alisema ni paka. Akasawazisha mwenyewe, akaruka. Alijisikia mwepesi, alijua amefika mbali. Kocha akavuta utepe, akakunja uso.

"Mbona unaangukia nyuma?"

"Sijaangukia nyuma, Kocha."

"Mchanga hausemi uongo, binti yangu."

Katika mchezo huu utepe huanzia kwenye alama iliyo karibu zaidi na ubao. Ukigusa nyuma hata kwa kidole, umejipunja. Na nyuma ya alama za njumu za Panzi kulikuwa na alama ya tatu. Kocha aliiona kama kiganja kilichoteleza. Panzi akainama aitazame vizuri.

Ulikuwa unyayo. Wa kulia. Hauna kiatu.

Ikawa hivyo kila aliporuka, kana kwamba kuna mtu aliyening'inia mgongoni mwake, akitua naye, hatua moja nyuma. Siku moja jua likiwa limeinama na vivuli vimejaa kwenye mchanga, Panzi aliuona unyayo ule wote, kidole kwa kidole. Kile kidogo kilikuwa kimempanda jirani yake.

Alikijua kidole kile. Kililala kitanda cha pili chumbani kwake.

Kidoti alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, akitazama sakafu.

"Ulichukua kisigino changu," Panzi alisema.

"Kidogo tu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Niliambiwa nikitie kwenye kiatu, nitaruka kama wewe. Nimechoka kuwa wa pili, Panzi. Nimechoka kukufutia."

"Umwage mchanga huo."

"Namwaga kila siku. Nikivaa, umo."

Akavua viatu. Akatumbukiza miguu yote miwili kwenye beseni la kufulia, akapiga hatua sakafuni, akapiga nyingine. Mguu wa kushoto uliacha maji kwenye saruji. Wa kulia haukuacha kitu. Maji yalikuwa yakichuruzika kifundoni, na chini palikuwa pakavu.

"Mguu nauona," Kidoti alinong'ona. "Lakini unyayo wake haupo hapa. Upo kwako."

Wapo watakaosema dawa ya moto ni moto. Bweni zima lingemwonyesha Panzi mlango wa mganga wa kubisha, na wangemsindikiza kwa vigelegele. Panzi akakaa kitandani kwake. Kumchukia Kidoti kulikuwa kutamu, na kulikula usingizi, na asiyelala haruki. Mwishowe akazima taa. Kama utepe utaanzia kwenye unyayo ule, basi unyayo ule ndio utakaopita mchujo. Ataubeba.

Akarudi kwenye ngazi na mfuko wake. Akaongeza mfuko wa pili.

Siku ya mchujo jukwaa lilijaa. Kidoti aliitwa kwanza. Alikimbia kama aliyefungwa kamba inayovutwa, akaruka, na watu wote wakainuka, maana alipaa. Alipaa kweli. Alitua mbali kuliko msichana yeyote wa siku ile.

Mwamuzi akasogea na utepe, akasimama. Akazunguka shimo. Akarudi.

"Ametua wapi?"

Mchanga ulikuwa laini, na mistari ya reki haijavunjika hata mmoja. Kidoti alikuwa amekaa katikati yake, na sasa hata mguu wa kushoto haukuacha alama.

Akaambiwa arudie. Akaruka tena, akaangukia magoti na viganja. Mistari ya reki ilibaki imenyooka. Jukwaani mtu alicheka, kisha akaona hakuna anayemfuata.

Kocha alikaa chini taratibu, akafunika kichwa kwa kofia.

Akaitwa Panzi.

Alisimama mwanzo wa njia. Mgongo ulikuwa wa baridi. Alipoanza kukimbia alisikia miguu mingine nyuma yake, mitupu, ikipiga chini pale alipopiga. Hakugeuka. Pumzi shingoni. Hakugeuka. Ubao. Akaruka na uzito wote ule, wake na usio wake.

Akatua.

Utepe ulianzia kwenye unyayo. Mwamuzi alisoma, akasoma tena, akainua bendera nyeupe ya mruko halali. Panzi alipita kwa upana wa kidole, na hakushangilia.

Mama yake Kidoti alikuja kumchukua binti yake, akaondoka naye hadi kwao, safari ya mchana kutwa. Panzi akaenda kambini na timu ya taifa. Aliendelea kuruka, alama tatu kila siku, na alikuwa ameshazoea kutotazama nyuma. Kisha, asubuhi moja, mama yake Kidoti akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mazoezi yanaendaje?"

"Tunakazana. Kidoti hajambo?"

"Hainuki. Ni sisi tunaomgeuza." Mama akashusha sauti. "Nikuulize kitu, usinicheke. Mchanga mnaorukia huko ni wa rangi gani?"

Panzi alitazama nje ya dirisha. "Mwekundu, mama. Kama tofali."

Upande wa pili kulisikika kitambaa kikikamuliwa, maji yakidondoka ndani ya beseni.

"Shuka zake zimejaa mchanga huo," mama alisema polepole. "Nakung'uta asubuhi, jioni umejaa tena. Basi leo usiruke, mwanangu. Mwache mwenzio apumzike. Nyayo zimeanza kuchubuka."

Uwanjani, filimbi ya mazoezi ikalia.