Moshi wa Vikombe vya Meza ya Bwana

Watu walimwita Babu Funguo. Alikuwa mtunza kanisa, na funguo zote za kanisa zilining'inia kiunoni mwake. Akitembea, zilimtangulia kwa kelele. Mkewe alisema mume wa namna hiyo hata akitaka kumdanganya mtu, atasikika kabla hajafika.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kanisa, hatua chache tu. Kila asubuhi Babu Funguo alifagia, akafuta mabenchi, akamwagilia maua. Mkewe aliimba kwaya, sauti ya pili, tangu hajaolewa. Babu Funguo mwenyewe alikiri kwamba siku aliyomsikia mara ya kwanza, hakuambulia hata neno moja la mahubiri.

Kila Jumapili waumini walishiriki Meza ya Bwana, mkate na divai. Zamani walitumia vikombe vidogo vya kioo. Kisha kamati ya kanisa ikasema kuosha vikombe ni kazi nyingi. Ikaleta vya plastiki, vya kutumia mara moja na kutupa.

Hapo ndipo Babu Funguo alipopata taabu. Kutupa? Vikombe vilivyogusa meza ya Bwana vilale jalalani na maganda ya ndizi? Haiwezekani! Akachimba shimo kati ya kanisa na nyumba yake. Kila Jumapili baada ya ibada alivimwaga humo, akavua kofia, akawasha kiberiti. Moshi mweusi ulipanda. Yeye alisimama wima, akiimba taratibu kama aliye kwenye maziko. Hata majivu hakuyatupa. Aliyapeleka kwenye tuta la mboga la mkewe, akiamini kuwa yamebarikiwa.

Mambo yakaenda hivyo karibu mwaka mzima.

Mkewe akaanza kukohoa. Kwanza kidogo. Kisha kifua kikabana, pumzi ikawa fupi. Sasa ilikuwa Jumapili ya tano hajaimba. Kiti chake cha kwaya kilikaa kitupu. Babu Funguo alikifuta vumbi haraka haraka, bila kukitazama.

Jumatatu moja aliogopa. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mabega yakipanda na kushuka. Babu Funguo akamwita jirani yao, muuguzi wa zahanati.

Muuguzi alisikiliza kifua cha mgonjwa. "Bibi, unakohoa zaidi siku gani?"

"Jumapili jioni. Na Jumatatu."

"Jumapili mnafanya nini?"

"Tunaabudu, binti yangu. Labda mwili wangu unakataa mahubiri."

"Mke wangu!" alisema Babu Funguo.

"Nyamaza, baba. Anayeumwa ni mimi."

Muuguzi alicheka, lakini macho yake yalikuwa dirishani. Shuka nyeupe ilikuwa imeanikwa nje tangu jana. Ilikuwa na madoa meusi madogo madogo. Akatoka, akafuata harufu hadi shimoni. Babu Funguo alimfuata, funguo zikilia.

"Nani anachoma plastiki hapa?"

"Mimi. Lakini hizo si takataka, binti. Ni vikombe vya Meza ya Bwana. Navichoma kwa heshima."

"Najua, babu. Ila mapafu hayajui heshima. Plastiki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Moshi huo unaingia nyumbani, unaingia kifuani mwa bibi. Majivu unayapeleka wapi?"

Babu Funguo alinyoosha kidole kwenye tuta la mboga.

"Mboga hizo msile tena," alisema muuguzi kwa upole. "Sumu hubaki kwenye majivu, ikaingia kwenye udongo. Na bibi aje zahanati leo apimwe vizuri. Kikohozi kina sababu nyingi. Lakini moshi huu lazima ukome."

"Basi waambie kamati! Wao ndio walioleta plastiki. Mimi ni mtu wa funguo tu."

"Na kiberiti, babu, ni cha kamati?"

Babu Funguo alitia mkono mfukoni. Kiberiti kilikuwa humo. Kilikuwa chake.

Mchana, mkewe alipokuwa zahanati, aling'oa mboga zote. Kisha akaingia kanisani, akapiga magoti peke yake. Mara nyingi alikuwa ameomba Mungu amponye mkewe. Siku hiyo alishindwa kuanza. Mungu alimpa binadamu dunia aitunze, hilo alilijua tangu utotoni. Yeye alikuwa amepewa kipande kidogo tu, kati ya kanisa na mlango wake. Akakijaza moshi, huku akiimba.

"Bwana," alisema mwishowe, "ni mimi." Kamati hakuitaja.

Akafungua stoo. Chini ya mapazia ya zamani alikuta makreti ya vikombe vya kioo. Akaenda kwa mchungaji na kikombe kimoja mkononi.

"Nani ataviosha kila Jumapili?" aliuliza mchungaji.

"Mimi."

"Na kamati?"

"Kamati ikitaka kunisaidia, kitambaa kipo."

Muuguzi alimfundisha: maji ya moto na sabuni, suuza kwa maji safi, kisha uvichovye kwenye maji yaliyochemka, vikauke mahali safi. Vikombe vya plastiki vilivyobaki bila kutumika vilipelekwa kwa watu wanaokusanya plastiki ya kutengenezwa upya. Shimo likafukiwa.

Mkewe hakupona kwa siku moja. Alitumia dawa, akapumzika. Wiki zikapita, na shuka zikaanikwa zikabaki nyeupe.

Jumapili moja, ibada ikiwa inakaribia mwisho, Babu Funguo alikuwa chumba cha nyuma, mikono imejaa povu. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza ulipita. Katika wa pili akaisikia: sauti ya pili, nyembamba kuliko zamani, ikitafuta njia. Iliimba ubeti mmoja, ikapumzika.

Baadaye mkewe alisimama mlangoni, akimtazama.

"Miaka arobaini," alisema, "na leo ndiyo nimeona kwamba sabuni haikuumi."

Babu Funguo alikuwa anafuta kikombe kilichokauka zamani, na macho yake ndiyo yaliyokuwa na maji.

"Nipe kitambaa," alisema mkewe. "Hivi vingine nitavifuta mimi."