Sponji Kuukuu za Hedifoni

Wanja, binamu yangu upande wa mama, ana kinu cha unga pale Mugutha, na hakuna anayeingia humo na debe la mahindi akatoka bila habari. Hii lakini hakunisimulia kinuni. Alinisimulia sebuleni kwake, mchana, mlango ukiwa na komeo, nami nikamcheka. Siku hizi sicheki.

Nyumba iliyopakana ukuta na kinu hicho walipanga Kitonga na mkewe Ndinda, watu wa Matuu. Kitonga alifanya shifti ya usiku katika kiwanda kimoja cha vyakula huko Eneo la Viwanda, Thika. Akirudi asubuhi alijinyoosha kidogo, kisha akaamkia ugonjwa wake, yaani muziki. Studio ilikuwa chumba chao cha kulala. Kabati la nguo lilitolewa nguo, likazungushiwa blanketi ndani, maiki ikaning'inizwa, na aliyetaka kuimba aliingia humo akafungiwa. Kwaya za Ruiru zilimcheka mwanzoni. Baadaye zilipanga foleni.

Kuhusu vyombo vyake Kitonga hakuwa na mzaha. Hedifoni yake ya kabatini ilikuwa ile inayofunika sikio lote na kulibana, ili muziki usivuje ukaingia kwenye maiki. Ole wako uuzungushe waya wake kwenye ngumi. Ole wako uiache kitandani badala ya kuitundika msumarini. Kila mwimbaji alipotoka, Kitonga alifuta jasho kwa kitambaa kikavu kabla mwingine hajavaa. Na sauti hakuipandisha ovyo. Vijana wakimwomba aongeze, aliwajibu, "Sikio halina spea, boss," na mambo yakaishia hapo.

Mmoja tu ndiye aliyemlegeza. Ndinda, akishavaa na kufungiwa, alisema maneno yale yale kila mara: "Piano ishushe. Mimi niongeze kidogo." Kitonga akaongeza. Ndinda alikuwa ameimba nyuma ya watu miaka mingi, akiwaitikia wenye majina, na sasa alikuwa ametunga wimbo wake mwenyewe, wa kwanza. Kitonga alimpenda mke wake, na sauti ile aliipenda hata zaidi ya alivyojua kusema. Aliapa wimbo hautatoka mpaka aupime kwa hedifoni ya aina ya pili, yenye vikombe vilivyo wazi mgongoni. Hiyo haifai kabatini hata kidogo, kwa sababu inavuja, lakini ukikaa nayo mezani inakuonyesha kila sauti imekaa wapi.

Bei ya mpya hakuiweza. Jumamosi moja akaenda Githurai 45, sokoni, kwa Kagwe muuza vyombo vya mtumba. Alipekua rundo zima la hedifoni bila haraka. Alikunja kila waya karibu na plagi kuona kama umekatika ndani. Alizitikisa, akanusa, akasikiliza wimbo mmoja anaoujua vizuri, kushoto kwanza, kisha kulia. Nyingi alizirudisha. Kisha akavaa moja nyeusi, na akasimama kimya katikati ya kelele za makondakta na wauza nyanya. Muziki ulikuwa umepanuka pande zote. Alisikia vidole vya mpiga gitaa vikisugua nyuzi, kitu ambacho hakuwahi kukisikia katika wimbo huo.

Sponji zake zilikuwa kuukuu, za kitambaa laini, zimebonyea kwa umbo la masikio ya mtu, na zilinukia mafuta ya nywele.

"Hiyo ni kali, buda," Kagwe alisema, akampa pakiti ndogo ya nailoni. "Lakini hizo sponji toa. Choma kabisa. Vaa hizi mpya, nakupea bure."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ilikuja na vitu vya nyumba fulani hapo Ruiru. Walihama." Kagwe aliinama, akapunguza sauti. "We unaweza vaa nguo ya mtumba kabla ifuliwe?"

Swali hilo halina majibu mawili kwetu. Mtumba hufuliwa. Mama yake Ndinda, Beth, huko Matuu, huloweka hata soksi kwa maji ya chumvi na kuziombea kabla mtoto hajavaa, na hakuna anayemwona mshamba kwa hilo. Kitonga naye alifika nyumbani akafanya alivyoambiwa. Alivua sponji kuukuu, akavisha mpya, akavaa. Besi ilikuwa imekufa. Ule upana ulikuwa umeondoka. Mtu yeyote wa kazi hiyo atakwambia kwamba sponji ikibadilika, sauti nayo hubadilika, na Kitonga hakuwa tayari kuipoteza sauti ile kwa sababu ya uvumi wa sokoni. Akarudisha za zamani. Mpya akazitia katika pakiti yake, pakiti kwenye droo.

Alizipangusa tu kwa kitambaa kikavu.

Pumzi aliisikia kwanza wiki hiyo hiyo. Alikuwa akipanga piano, piano peke yake, hakuna mtu aliyeimba. Kabla tu ya mstari wa kwanza, mtu akavuta pumzi, jinsi mwimbaji anavyovuta akitaka kuanza. Kitonga alisimamisha. Akarudia. Pumzi ikaja tena mahali pale pale. Alilaumu kinu cha Wanja, akaendelea na kazi.

Baada ya pumzi ulikuja mvumo, wa mdomo uliofumbwa. Ulikuwa wa mwanamke. Ulimfuata kila wimbo aliousikiliza, chini kabisa, ukikaa mahali hasa ambapo sauti ya pili ingekaa. Na hapa ndipo ninapomkasirikia Kitonga, Mungu anisamehe. Hakuogopa. Alifurahi. Alichukua kalamu akaandika noti alizosikia, akawafundisha wanakwaya wake, na nyimbo zake zikawa tamu kiasi cha mtu kulia. Ndinda alimsifu. Kitonga alikula sifa zile akanyamaza.

Siku ya siku ilikuwa Jumanne, jua la utosi. Stima ilipotea Mugutha nzima. Kinu kikanyamaza. Fundi wa welding upande wa pili akanyamaza. Watoto walikuwa shule. Anayerekodi nyumbani huingojea saa kama hiyo kama mkulima anavyongojea mvua, na kompyuta ilikuwa na chaji.

"Ingia haraka," Kitonga alimwambia mkewe. "Ikirudi tu, Wanja anawasha."

Ndinda alivua herini zisije zikagonga, akaziweka rafuni. Akavaa hedifoni ya kabatini. Akaivua.

"Hii imekufa. Hakuna kitu nasikia."

Waya ulikuwa umekatika ndani. Pengine kijana fulani wa kwaya aliuzungusha kwenye ngumi. Kuunganisha kulihitaji chuma cha moto, na stima haikuwepo. Kitonga aliitazama ile nyeusi msumarini. Alijua inavuja. Alijua sponji zake si za kumvisha mtu. Lakini kimya kile kilikuwa adimu, na wimbo wa mkewe ulikuwa umengoja vya kutosha.

"Vaa hiyo. Kuvuja kidogo nitasafisha baadaye."

Ndinda alizishika zile sponji kwa vidole viwili. "Uliziosha?"

"Ziko safi."

Akavaa. Akafungiwa. Kitonga alibaki nje bila hedifoni, macho kwenye skrini, akitazama mstari wa sauti unavyopanda na kushuka.

"Piano ishushe," Ndinda alisema ndani. "Mimi niongeze kidogo."

Akaongeza. Ndinda akavuta pumzi, akaanza.

Aliimba wimbo wote mara moja bila kosa. Mlango wa kabati ukafunguka. Alitoka polepole, hedifoni shingoni, waya wake ukiwa umechomolewa. Alitabasamu.

"Imeshika," alisema. Sauti ilikuwa nzito kidogo.

"Kunywa maji. Umelichosha koo."

Akaenda jikoni. Kitonga akageukia skrini ili azime. Kabati lilikuwa wazi, tupu. Mstari ulikuwa bado unapanda na kushuka.

Siku zilizofuata alijiambia ni homa. Mtu anayesikia nusu noti ya kosa katika kwaya nzima, alisikia mkewe akimwita mezani kwa sauti iliyoshuka nusu noti, akajiambia homa. Akamchemshia tangawizi. Ndinda akainywa, akacheka, akaendelea kupika huku akivuma kwa mdomo uliofumbwa. Kitonga aliacha kijiko. Mvumo ule aliujua. Alikuwa ameuandika noti kwa noti.

Kisha simu yake ikalia. Alikuwa mama mkwe. Kwa Wakamba mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa mbali. Beth hakuwa amewahi kumpigia.

"Kitonga, ni mimi. Nisamehe kwa kukupigia."

"Habari ya huko, mama."

"Nimepiga simu ya Ndinda mara tatu. Kuna mwanamke anachukua. Ananiita mama." Beth alinong'ona. "Nani huyo? Mwiitu wakwa, binti yangu, ako wapi?"

Kitonga aligeuza kichwa. Ndinda alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha sahani mkononi, akimsikiliza.

"Nani?" aliuliza kwa upole.

"Kazini," Kitonga alijibu, akakata simu.

Alingoja yule mwanamke atoke kwenda dukani. Akafungua wimbo. Akavaa hedifoni nyeusi.

Sauti iliyoimba mbele haikuwa ya mkewe. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, nayo iliyajua maneno yote ambayo Ndinda aliyatunga kitandani pale. Kitonga akaishusha. Akashusha piano. Akashusha kila kitu, mpaka kikabaki kile kilichokuwa chini kabisa, mahali pa sauti ya pili.

"Kitonga," Ndinda alisema. "Mimi niongeze kidogo."

Akaongeza.

"Niongeze."

Akaongeza tena. Kitonga alikuwa akilia. Alimwita jina. Alimuuliza yuko wapi. Ndinda hakuonekana kumsikia. Alikuwa amewekwa nyuma, kama alivyowekwa nyuma maisha yake yote, na kila wimbo uliporudi mwanzo alikuwa mbali kidogo zaidi.

Ndipo alipokumbuka maneno ya Kagwe. Alivuta droo, akatoa pakiti, akavua sponji kuukuu, akavisha mpya. Akavaa. Piano tu. Hakukuwa na mvumo, hakukuwa na pumzi, na Ndinda hakuwepo. Akazirarua zile mpya, akarudisha za zamani, akabana vikombe kwa viganja vyote viwili. Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha, mbali sana, akamsikia.

Tangu hapo hakuthubutu kuzigusa. Alizivaa vivyo hivyo, na jasho lake likaingia juu ya majasho mengine.

Kiwanda kilimwita, hakwenda. Kwaya zilibisha hodi, hakufungua. Mtu aliyehubiri kwamba sikio halina spea alipandisha sauti kidogo kila siku, kwa sababu kila siku mkewe alikuwa mbali zaidi. Masikio yalianza kulia filimbi. Kisha yakatoa maji. Akapandisha. Yule wa jikoni alimletea chai, akaiweka mezani kwa heshima, akarudi kuvuma. Jumapili alisimama mbele ya kanisa akaimba, na watu wakasema Ndinda amebarikiwa.

Wanja aliyasikia hayo yote kupitia ukutani, maana hedifoni ile inavuja. Kinu kilipopumzika, alisikia muziki mwembamba upande wa pili. Mwanzoni ulikuwa wimbo. Baadaye likabaki neno moja: niongeze.

Siku moja alijipa moyo, akaingia. Kitonga aliketi akitazama skrini, mashavu yamebonyea. Sauti ilikuwa juu kiasi kwamba Wanja aliisikia kutoka mlangoni, neno lile, likirudiwa na mwanamke anayelia. Alimgusa bega.

"Kitonga, hiyo utatoa lini? Utaharibu masikio."

Kitonga alimtazama mdomo, akijaribu kuusoma.

"Amenyamaza," Kitonga alisema kwa sauti kubwa ya kiziwi. "Wanja, tangu jana amenyamaza. Nimepandisha mpaka mwisho. Hebu niambie kama bado yuko."

Wanja alimsikia vizuri yule mwanamke. Alikuwa bado anaomba. Binamu yangu alitazama uso wa mtu yule, akashindwa kusema yupo, akashindwa kusema hayupo. Alitoka nje bila kujibu, na kosa hilo halijamtoka kifuani.

Yule mwingine aliondoka asubuhi moja na nguo ya kanisani ya Ndinda, akasema anakwenda Thika kuimba. Hakurudi. Beth alitumiwa salamu kwamba binti yake huenda akaja Matuu. Akajibu kwa neno moja: asiletwe. Kitonga alichukuliwa na kaka yake Musembi akarudishwa kwao Matuu, hedifoni masikioni, waya ukining'inia bila kuchomekwa popote. Herini zilibaki rafuni, na hakuna aliyezitaka.

Wapangaji wamekuja na kuondoka. Lakini upande wa kinu, kwenye ukuta ule wa pamoja, zipo alama mbili za duara, zenye unyevu, zimeachana kwa upana wa kichwa cha mtu. Wanja amezipaka rangi, akazipaka tena. Hurudi, na zinanukia mafuta ya nywele.

Mwaka huu amenunua jenereta. Wateja wanamsifu kwamba stima ikipotea, kwa Wanja unasaga tu. Huwaacha waseme. Mimi nilikuwa pale siku ilipopotea, kinu kikazima, na jenereta ikachelewa kuwaka. Wanja alivuta kamba ile kwa nguvu zake zote, akiimba kwa sauti wimbo wowote uliomjia, ili nisisikie. Nilisikia.