Yunis na Posa ya Dada Priska

Yunis hakuwa na kompyuta, hakuwa na simu, wala hakuwa na mwenzake wa kucheza naye mchezo alioupenda. Subira ndiyo hakuwa nayo kabisa. Kila likizo alikwenda Makambako kwa mjomba wake mwenye duka la kutoa kopi, na jioni wateja wakiisha, alicheza mchezo wa wafalme wa kale kwenye kompyuta ya dukani.

Hakupenda vita. Aliwaoza binti zake kwa wafalme jirani, akapata amani na washirika. Tena aligundua ujanja: mfalme akisitasita, unamwonesha kwamba mwingine naye anaposa. Papo hapo anaongeza zawadi.

Aliporudi nyumbani, mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, alikuta posa ya kweli. Festo, fundi seremala wa Matembwe, alitaka kumwoa dada yake Priska, na Priska alimpenda. Jumapili mshenga wa Festo, Mzee Manase, alikuja kusikia jibu. Baba alikuwa hajarudi kutoka misa, hivyo Yunis ndiye aliyemnawisha mgeni mikono uani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wakubwa wapo?"

"Baba yuko njiani. Ila babu, mjitahidi. Kuna watu wa Makambako nao wameleta barua ya posa. Wana malori."

Alitazamia mzee aahidi makubwa. Mzee Manase alijifuta mikono taratibu.

"Wamepokelewa?"

"Wamepokelewa."

"Haya. Asante kwa kuniambia."

Baba alipofika, mgeni alikunywa chai, akaongea habari za mvua na viazi, akaaga. Posa hakuigusa.

Wiki ikapita. Festo hakupokea simu za Priska, naye alipalilia viazi huku akilia. Mwishowe baba alimpigia Mzee Manase, simu ikiwa kwenye spika.

"Ambrose," mzee alisema, "sisi hatuposi juu ya posa ya wenzetu. Mngetuambia ninyi wenyewe, tusingeumia. Tumeambiwa na mtoto, uani."

"Mtoto gani?" baba aliuliza, lakini nyumba ile ilikuwa na mtoto mdogo mmoja tu.

Yunis alisogea karibu na simu. "Ni mimi, baba. Hakuna watu wa Makambako. Kwenye mchezo, mfalme huongeza zawadi."

"Kwa hiyo na mimi ni binti wa kwenye kompyuta?" Priska aliuliza kwa sauti ndogo. Yunis hakuweza kumtazama.

"Mzee, umesikia?" baba alisema.

"Nimesikia. Lakini wazee wa Festo hawakusikia. Aandike kwa mkono wake, nikawasomee. Kisha nitakuja tuanze upya. Na chai apike yeye."

Yunis aliandika: "Kama nilikosea, naomba mnisamehe." Baba alisoma, akamrudishia karatasi.

"Toa hiyo 'kama'."

Akaandika upya, machozi yakidondoka mezani. Baba akaketi karibu naye.

"Mchezo sikukatazi, mwanangu. Humo ukimdanganya mfalme, unazima na kuanza tena. Mshenga yeye hubeba maneno yetu kwa watu wanaotuamini. Ukimpa uongo, unamwaibisha yeye, unatuaibisha sisi, na unamuumiza dada yako. Ukweli ndio unaofanya watu wawe ndugu."

Priska alileta bahasha, akaiweka mbele ya mdogo wake.

Yunis aliingiza barua, akalamba gundi, akabana kwa kiganja. Kisha alikwenda stendi mwenyewe, akamkabidhi kondakta wa basi la Matembwe ampelekee Mzee Manase.