Kaburi la Mgomba

Jumamosi hiyo ilianza vizuri, kiasi kwamba Emily alipokuja kuikumbuka baadaye aliona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo. Alishuka Malava na mkoba wa kompyuta begani, akanunua mkate na sukari, akapanda bodaboda mpaka kwao, katikati ya mashamba ya miwa. Ndani ya mkoba mlikuwa na karatasi alizochapisha jana yake mjini Kakamega: sura ya mwisho ya juzuu ya mwisho ya Falme za Radi.

Kama hujawahi kuvisoma vitabu hivyo, jua tu kwamba ni hadithi ndefu ya shujaa aliyetekwa akiwa kijana, akapelekwa upande wa pili wa dunia, na tangu siku hiyo anarudi kwao kwa miguu. Anavuka falme, anapigana na majitu, anawahadaa wafalme wanaofuga radi kama watu wanavyofuga mbwa, na kila juzuu inamkuta karibu zaidi na nyumbani. Wasomaji hawakumwacha Emily apumue. Kitabu wanaazimana mpaka jalada linang'oka, lakini mwisho wake wanaujadili mitandaoni kana kwamba wao ndio waliogharamia uchapishaji. Atafika? Hafiki? Emily alikuwa ameshaamua. Hafiki. Shujaa anakufa mtoni, akiuona moshi wa jiko la mama yake ng'ambo ya pili. Maina, mhariri wake aliyeko Nairobi, alisoma muhtasari akasema amelia, na Maina si mtu wa kulialia.

Shujaa huyo anaitwa Shitanda.

Jina hilo Emily hakulibuni. Lilikuwa la baba yake mkubwa, kifungua mimba wa nyanya yao Zipporah, ambaye nyumba nzima ilimwita Kukhu. Shitanda alikuwa mkata miwa hodari. Siku moja panga lilimkata kidole kidogo cha mguu wa kushoto, na bado akamaliza mstari wake kabla ya kujifunga kitambaa. Kisha akaenda kutafuta kazi mbali. Wengine walisema Tanzania, wengine Kongo. Hakurudi. Miaka ilipopita bila habari wala maiti, wazee walifanya kama inavyofanywa: walikata shina la mgomba, wakalifunga shuka, wakalizika mbele ya nyumba kama mtu, kwa nyimbo na machozi. Na katika ukoo wao, jina la mtu aliyezikwa hivyo hufungwa. Mtoto hapewi jina hilo. Wala haliitwi mlangoni, hata kwa mzaha, kwa sababu hakuna ajuaye mwenyewe amelala wapi, au kama amelala.

Emily, msomi wetu, aliona jina zuri limekaa bure. Alipoomba ruhusa alitarajia kukemewa. Kukhu akamwambia alitumie, ila kila juzuu ikiisha aje amsomee yeye kwanza, palepale mlangoni pake. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga Kukhu macho yote mawili, asingeweza kujisomea. Emily aliona ni sharti la mapenzi tu.

Lakini kila alipomaliza kumsomea juzuu, lile kaburi lilititia kidogo. Isaiah, baba yake Emily, alileta udongo kwa toroli akajaza, akisema ni mgomba unaoza. Mgomba ule ulikuwa umezikwa kabla Emily hajazaliwa. Hakuna aliyelitaja hilo.

Nyumbani alimkuta mdogo wake Quinter, aliyekuja kutoka Ekero na mtoto mchanga. Mtoto alikuwa analia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Kilikuwa kilio cha mtu anayeita mwenzake kutoka mbali.

"Analianga hivi tangu azaliwe," Quinter alisema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Hospitali wamepima kila kitu, wanasema ako sawa. Lakini hanyonyi, Emily. Ona mikono yake."

Emily aliona. Ngozi ilikuwa imelegea mikononi kama soksi za kuazima.

Mtoto anayelia hivyo anatafuta jina. Asubuhi Kukhu alikuwa ameyaita majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, akisubiri litakalomnyamazisha. Aliwaita babu na mashangazi, hata mjomba mmoja mlevi ambaye hakuna aliyetamani arudi. Mtoto alizidi kulia.

"Kukhu, umewaita wote?" Emily aliuliza.

"Wote wenye kuitwa," Kukhu akajibu.

Walikula obusuma, ugali wa kwao, na kuku. Isaiah alikuwa ameenda kwa mkutano wa kanisa, kwa hiyo walibaki wao tu. Mawingu ya mchana yalianza kujikusanya upande wa msitu kama kawaida ya huko. Kukhu aliketi kwenye kiti chake kando ya mlango, uso ameuelekeza nje, kaburini. Emily akatoa karatasi zake, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Shujaa akaufikia mto, maji yakampanda kifuani, akauona moshi. Alipofika pale miguu inapomteleza, Kukhu aliinua mkono.

"Usimuue."

"Kukhu, hii ni hadithi tu."

"Mimi nilishamzika mara moja. Nilizika mgomba, Emily. Niliulilia mgomba kama mtu. Sasa wewe unataka nimzike tena?"

Kwa miaka yote aliyoandika, Emily hakuwahi kujiuliza huyu mama kizee alikuwa anasikiliza nini. Aliziweka zile karatasi juu ya meza, akafungua kompyuta, akamwuliza Kukhu angependa iishe vipi. Kukhu alijua. Inaonekana alikuwa amejua tangu juzuu ya kwanza. Mama anasimama mlangoni, akamwambia. Anamwita kwa jina lake. Anamwambia njia imeisha, aingie. Emily akapiga chapa maneno yale kama karani. Alikumbuka kwamba jina hilo haliitwi mlangoni, akajiambia kwamba kuandika si kuita.

Kisha mvua ikanyesha.

Mvua ya Kakamega ikipiga mabati, watu wa chumba kimoja hawasikilizani. Kukhu akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Juu ya mvua kulikuwa na mtoto anayelia. Basi Emily akasimama karibu na mlango, akapaza sauti. Alisoma kwa kupiga kelele.

"Shitanda! Shitanda, mwanangu! Njia imeisha. Ingia nyumbani!"

Mtoto akanyamaza.

Quinter alimtazama, akacheka machozi yakimtoka. "Amenyamaza," akanong'ona. "Jamani, amenyamaza." Na Emily, Mungu amsamehe, kwa dakika ile alijiona mwandishi mkubwa.

Kisha akasikia harufu. Utomvu wa mgomba uliokatwa sasa hivi. Harufu ilikuwa imejaa chumbani.

Akaitazama kompyuta atafute pa kuendelea, lakini maneno aliyoandika yalikuwa yameisha. Kukhu ndiye aliyeendelea. Alikuwa akisema maneno ambayo Emily hakuyaandika.

"Umelowa," Kukhu alisema taratibu. "Ingia. Pita tu."

Hakukuwa na mtu mlangoni.

Sakafu ya Kukhu ni ya saruji nyekundu, husuguliwa mpaka inang'aa. Alama ya kwanza ilitokea kizingitini. Mguu mtupu. Tope. Emily aliitazama ikijaa maji. Ikatokea ya pili, ndani kidogo. Ya pili ilikuwa ya mguu wa kushoto.

Ilikuwa na vidole vinne.

Katika Falme za Radi, shujaa ana miguu mizima. Emily hakuwahi kuandika habari za kile kidole. Hakutaka.

Alama zikampita. Hazikuwa na haraka. Zilikwenda mpaka kwenye kiti cha Quinter, zikazunguka, zikasimama nyuma yake.

"Emily," Quinter akanong'ona. Hakugeuka. "Nani anapumua hapa nyuma?"

Mtoto alikuwa amefumbua macho. Mdomo ulikuwa wazi. Midomo imegeuka rangi. Kifua hakikupanda.

"Mpe nafasi," Kukhu alisema. "Ametoka mbali."

Hapo Emily akaelewa alichokifanya. Jina linalomnyamazisha mtoto ndilo linaloingia. Alikuwa ameliita jina lililofungwa, mlangoni, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na mwenye jina alikuwa amekuja kuchukua pa kukaa.

Alizirukia karatasi zilizo mezani. Akaanza kusoma ule mwisho wa kwanza, miguu ikimteleza shujaa, maji yakimfika shingoni.

"Emily, acha!" Kukhu alimshika nguo. "Ni mtoto wangu!"

"Na huyu wa Quinter?"

Kukhu hakuiachia ile nguo. Alilia. Emily alisoma huku nyanya yake akimvuta sketi na kulia kama siku ile ya mazishi, na alijichukia kwa kila neno. Shitanda akazama. Mto ukamchukua. Watu wakamwopoa, wakamwosha, wakamzika mbele ya nyumba ya mama yake. Mwisho. Akarudia: mwisho, mwisho.

Mtoto akavuta pumzi, akapiga ukelele.

Quinter alimpa ziwa. Akalishika. Akanyonya kwa pupa, akitoa sauti za kumeza, na dada hao wawili wakakumbatiana wakilia na kucheka pamoja. Mvua ilikuwa imepungua. Emily alipokumbuka kuitazama sakafu, akitaka kuona alama zikielekea mlangoni, alimkuta Kukhu amepiga magoti na kitambaa. Sakafu nzima ilikuwa imeshapanguswa.

"Ameenda?" Emily aliuliza.

"Ameenda."

Alitarajia Kukhu amlaani, au angalau anune. Kukhu aliomba chai, akasema itiwe sukari nyingi.

Kaburi halikutitia tena. Isaiah alilirudisha toroli kwa jirani aliyemwazima, akasema mgomba umeoza ukaisha. Juzuu ya mwisho ilitoka na kifo cha shujaa ndani yake, na wasomaji wakamtukana Emily mwezi mzima. Msichana mmoja wa sekondari alimwambia hana roho. Mtoto aliitwa Mark, jina la baba mkwe wa Quinter. Alinenepa. Hakulia tena kile kilio, na kila mtu alimshukuru Mungu. Kukhu alimpenda mno. Quinter akimleta, Kukhu alikuwa akimpakata pale mlangoni mpaka jioni, akimnong'oneza sikioni mambo ambayo wengine hawakuyasikia.

Desemba Mark akaanza kutembea. Emily alikuwepo. Quinter alikuwa akimwosha kwenye karai pale barazani, mtoto akamponyoka mikononi, akaingia ndani uchi, maji yakimchuruzika, akavuka ile sakafu nyekundu hatua kwa hatua mpaka magotini pa Kukhu. Wote walipiga makofi. Isaiah alipiga mluzi. Emily naye alikuwa akipiga makofi alipozitazama nyayo.

Zilikuwa ndogo, za maji, zimepangika vizuri. Za mguu wa kulia zilikuwa na vidole vitano.

Za kushoto zilikuwa na vinne.

Alimfuata mtoto, akamwinua, akaushika ule mguu wa kushoto. Akavihesabu vidole kwa gumba lake. Akarudia. Vyote vilikuwepo, hata kile kidogo, chenye joto, kikimcheka kwa kuchezacheza.

Alipogeuka, Kukhu alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa akizipangusa nyayo kwa pindo la leso yake, moja baada ya nyingine, na yale macho yasiyoona hayakuruka hata moja. Alipofika miguuni pa Emily aliacha kupangusa, akainua uso. Alikuwa na furaha ambayo Emily hajawahi kuiona usoni pake.

"Usiiandike hii," akanong'ona. "Mwache apumzike. Ametembea sana."