Hatamu Mkononi mwa Mwinyi Zahidi

Mshamu wa Kae alikwisha kulipita lango la Makutwe, na nyuma yake watu walikuwa bado wanachimba makaburi ya vita. Alikwenda kwa miguu, ngao mgongoni, akimvuta farasi mwekundu aitwaye Marijani. Hakumpanda. Mnyama yule alikwisha kufanya kazi yake: alimpitisha katikati ya mishale ya wavamizi hadi kwa washirika, nao wakaja na magobori yao wakauvunja mzingiro.

Enzi hizo kila mji wa pwani wenye ukuta ulijiita dola. Makutwe ulikuwa mji mdogo, lakini ulikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe ya ndovu, ambalo bila hilo mtawala hatawazwi. Tundwe, mji jirani, ulikuwa na kila kitu isipokuwa siwa na haya. Mkubwa wake, Mwinyi Zahidi, alivaa joho la hariri juani na kilemba kikubwa kuliko kichwa kilichokibeba, na vitani hajapata kuonekana hata kwa bahati mbaya. Alipoombwa msaada, hakutoa mtu. Alitoa farasi, tena kwa rehani: siwa ikae kwake, na farasi arudi mzima, hatamu iwekwe mkononi mwake mwenyewe kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. La sivyo siwa ni yake na Makutwe ni raia wake. Mwana Mize, malkia wa Makutwe, alikubali, kwa kuwa moshi wa wavamizi ulikwisha kuonekana.

Mshamu alipofika Tundwe alimkuta bawabu Feruzi mlangoni, shavu limejaa tambuu. Mwinyi amekwenda mashamba, akasema. Mshamu akaenda mashamba, kupitia vichaka vyenye mbung'o, akijua vema mdudu yule anavyomfanya farasi. Huko msimamizi akamwambia Mwinyi amekwisha kurudi mjini. Akarudi mjini. Feruzi akasema Mwinyi yuko kwa wakwe zake, ng'ambo ya vichaka vile vile.

Hapo Mshamu akaelewa. Walitaka amzungushe farasi kwenye mbung'o mpaka aanguke. Tayari Marijani alikuwa anatoka machozi, na mbavu zimeanza kuhesabika.

Basi hakwenda tena popote. Alimfunga farasi mbele ya nyumba ya Mwinyi, akamkatia majani, akaketi barazani. Waungwana wa Tundwe walipita wakiziba pua kwa ncha za vilemba. Waliingia ndani kumbusu Mwinyi mkono, wakatoka, wakamwambia Mshamu kwamba Mwinyi hayupo. Wote walijua, na mate hayakuwapalia.

Ikafika siku ya kuvunja jungu, watu wanapokula na kushiba kabla ya kufunga. Tangu asubuhi nyumba ile ilinuka samli na nyama ya mbuzi. Alasiri, kutoka ukumbini, siwa ikalia. Mwinyi Zahidi alikuwa na kitu asichostahili na hakuweza kuvumilia kisisikike.

Sasa, siwa haipigwi ovyo. Hupigwa juu ya mtawala akiwa kitini, au hupigwa juu ya kiti chake kitupu, siku aliyokufa. Hakuna mara ya tatu.

"Mzee Feruzi," Mshamu akasema, "Mwinyi yumo?"

"Mara ngapi nikwambie? Yuko kwa wakwe."

"Kitini pake hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Waapa?"

Feruzi alikwisha kudanganya muda mrefu hata hakujua tena pa kusimamia. Akaapa.

Mshamu akavua kilemba, akaketi mavumbini, akaangua kilio cha msiba. Wanawake wa nyumba za jirani, waliokwisha kuisikia siwa, wakakipokea. Watu wakalileta jeneza la msikitini. Bwana Tora, mpwa wa Mwinyi, akaja mbio na jambia kiunoni, na neno lake la kwanza lilikuwa kuulizia funguo za ghala.

Mwinyi Zahidi akatokea mlangoni, samli ndevuni.

"Nani amesema nimekufa?"

"Siwa, Mwinyi," Mshamu akajibu. "Na bawabu wako ameapa. Shika farasi wako."

Mwinyi akaikunja mikono kifuani.

"Au tuendelee na mazishi? Jeneza hili hapa, na mrithi huyu hapa."

Mwinyi akamtazama mpwa wake. Mkono wa Tora ulikuwa juu ya jambia, wala hakuonyesha furaha ya kumwona mjomba. Mwinyi akaipokea hatamu mbele ya mji mzima. Mshamu akaingia, akaichukua siwa mkononi mwa mpigaji, akatoka. Mwezi ulimwandamia njiani.

Marijani alikufa kabla ya Idi, akatupwa jaani. Mwinyi Zahidi alikufa mwaka uliofuata, baada ya kula kwa mpwa wake. Tora akakalia kiti bila siwa. Feruzi akabaki na mlango ule ule. Mwana Mize alimtawaza mjukuu wake, akafa kwa uzee. Mshamu alikwenda bara na msafara wa pembe, hakurudi. Visima vya Makutwe viliingia chumvi, watu wakahama, na siwa ikapasuka katika kuhamishwa. Kaburi la Mwinyi Zahidi bado limesimama, lina nguzo ndefu na vibakuli vya Kichina, na wapitao huambiana kwamba hapo amelala shujaa.